Kwa Nini Nilikunyima Laptop ya Dukani

Ruangwa, Jumamosi mchana

Zuhura mwanangu,

Salamu yako ya asubuhi niliipata. Ulipita mlangoni na ndoo, ukasema "shikamoo" bila kunitazama, ukaenda zako bombani. Marahaba. Sikukuita kwa sababu najua una haki ya kununa. Nimefunga duka mchana huu, nimekaa kwenye kiti cha wateja, na meza yangu iko mbele yangu kama ya mtu mwingine. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuo. Mbele ya baba yako na shangazi zako sitaweza kuyasema haya, na hata tukiwa wawili siwezi. Nimejaribu mara mbili wiki hii, nikaishia kukuuliza kama umepakia kandambili.

Ya kandambili, chandarua na dawa ya tumbo sitayaandika. Una akili zako, na shangazi ameshakuandikia orodha ndefu kuliko safari yenyewe. Nataka kukuandikia juu ya laptop.

Jumanne ulipoitoa ile ya dukani kabatini, ukaifuta vumbi na kuichomeka kwenye umeme, mimi nilikuwa nimekupa mgongo nakata karatasi. Nikasikia ile sauti yake ya kuwaka.

"Mama," ukasema, "mbona inawaka? Si ulisema imekufa?"

Niliifunga vidole vyako vikiwa bado juu ya herufi. Nikakwambia hii huendi nayo, na nyingine pia utasubiri mpaka mwaka wa pili. Ukaniambia wenzako wote kwenye kundi la mwaka wa kwanza wanazo, kwamba hela aliyoitoa mjomba nimeikalia, na hii inayowaka nimeificha. Halafu ukasema, "Au hutaki nikupite?"

Sikukupiga, lakini mkono uliinuka. Nisamehe kwa mkono ule.

Nilikudanganya. Laptop ile haijawahi kufa hata siku moja. Niliifungia kabatini kwa sababu naiona kinyaa, kinyaa cha mtu aliyekuta panya ameoza kwenye mtungi wa maji aliyokuwa anayanywa wiki nzima. Na panya huyo nilimtia mwenyewe. Sasa nikusimulie.

Ulikuwa darasa la tatu nilipofungua duka hili. Unajua mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi Naipingo kushika jembe, baba yako akanikuta huko, na alipohamishiwa kufundisha Ruangwa tukaja naye. Hapa wake wa walimu wenzake walikuwa na vyeti. Wakikaa kwenye sherehe wanaulizana, "Wewe ulisoma chuo gani?" Wakifika kwangu wanarukia swali la watoto. Mimi nilikuwa na mashine ya fotokopi na laptop moja. Nilikuwa nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya ushirika, kadi za harusi. Watu waliandika ovyo, mimi nikawanyooshea lugha kimyakimya, wakachukua karatasi zao wakaondoka bila hata kugundua. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokubali.

Ndipo akaja kijana mmoja, Ayubu, mwanafunzi wa kilimo, mgeni wa huku. Alikuwa na adabu, hata simu yake aliizima akiingia dukani. Alitumwa mafunzo kwa vitendo. Alitakiwa kuzunguka vijiji vya Narung'ombe na dodoso lake, awaulize wakulima arobaini juu ya magonjwa ya mikorosho, kisha aandike ripoti. Ilikuwa masika. Akaenda siku moja tu, pikipiki ikamtupa kwenye tope, akaja hapa ana matope hadi magotini na karatasi zimelowa.

"Mama, wewe si mwenyeji?" akaniuliza.

"Mwenyeji wa Naipingo."

"Mikorosho si ndiyo hiyohiyo? Nijazie tu, mama. Wewe hawa watu unawajua kuliko mimi. Hata mwalimu wangu hawajui kama wewe."

Neno hilo lilinilevya, Zuhura. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia najua kitu kuliko mwalimu wa chuo.

Kwa siku tatu nilikaa hapa nikitafuna karanga na kuwazua wakulima. Nilianza na majina ya wateja. Yalipokwisha nikachukua majina ya watu wa Naipingo niliosoma nao. Hayo nayo yalipokwisha nikaingia kwa waliokufa. Bibi yetu, Somoe Nakuchima, yule aliyetulea mimi na mjomba wako baada ya mama yetu kuondoka, alikuwa amezikwa tangu sijaolewa. Nikamfufua. Nikampa umri wa miaka hamsini na mbili, nikampa ekari tatu Narung'ombe ambako hakuwahi kulala hata usiku mmoja, na pale penye swali la salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, nikamwekea tiki kwenye "anaridhika sana". Kisha nikalamba chumvi ya karanga kidoleni, nikafungua ukurasa mwingine.

Kulikuwa na swali juu ya machipukizi yanayogeuka meusi na kukauka. Nilikuwa sijaingia kwenye mikorosho wakati wa kupulizia kwa miaka mingi. Sikukumbuka vizuri ni ugonjwa au ni mdudu, na kutoka hapa kwenda kumuuliza mkulima mmoja wa kweli kulikuwa na mwendo wa dakika chache tu. Sikutoka. Nilipomwandikia na ripoti yenyewe nikasema wakulima thelathini na sita kati ya arobaini walitumia salfa na machipukizi yakapona. Unajua kwa nini thelathini na sita? Kwa sababu wote arobaini ingeonekana uongo.

Ayubu akafaulu vizuri. Akanitumia ujumbe kwamba mwalimu wake ameisifu ripoti, amesema majibu ya wakulima yana uhai. Ujumbe huo niliusoma mara nyingi kuliko barua zote za uchumba za baba yako.

Akawaambia wenzake, nao wakaja na hela zao. Nikawa nabadilisha jina la kijiji, nageuza korosho kuwa ufuta, naongeza mvua, napunguza mvua. Watu wakaanza kuniita Mama Ripoti. Wewe ulilipenda jina hilo, ukaliandika kwa chaki kwenye mlango wa duka, na mimi sikulifuta. Nisikudanganye tena nikasema ni shida. Baba yako alikuwa na mshahara, chakula kilikuwepo. Ni kweli ada yako ya bweni ilitoka humo, lakini ingepatikana pengine. Nilifanya kwa sababu nilipenda. Nilipenda kuona watu wanaitwa wasomi kwa maneno yangu, nikiwapita barabarani nikawaangalia na kucheka moyoni. Ukitaka kujua uchafu unaanzaje, ulianzia kwenye kicheko hicho.

Mwaka juzi, mikorosho ilipoanza kutoa maua, mjomba wako Bakari alikuja kutoka Lionja. Unamjua alivyo, anavua viatu hata mlangoni mwa duka. Alisimama hapa kwenye saruji peku, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa sukari.

"Mdogo wangu," akasema, "nitolee kopi tano. Nataka majirani nao waone."

"Ni nini, kaka?"

"Utafiti. Machipukizi yangu yanakuwa meusi, yanakauka. Mimi nilisema huyu ni mbu wa mikorosho, nikaenda Nachingwea kununua dawa ya wadudu. Sasa kwenye duka la pembejeo nikamkuta mtaalamu, kijana msomi kweli. Akafungua laptop yake akanionyesha, akanichapia na karatasi hii. Wameulizwa wakulima arobaini wa Narung'ombe. Thelathini na sita wanasema salfa. Basi nimechukua salfa."

"Lakini wewe umesema ni mbu."

"Nilisema. Sasa mimi nani mbele ya watu thelathini na sita?"

Niliipokea karatasi ile. Nilijua kabla sijaisoma. Mtu anajua maneno yake kama anavyojua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Mjomba akaweka kidole chini kabisa, kwenye orodha ya majina, akawa anatabasamu.

"Halafu ona hapa. Somoe Nakuchima. Kuna mtu Narung'ombe ana jina la bibi yetu, lote, mpaka la ukoo! Nimefurahi mno. Msimu ukiisha nitakwenda kumsalimia."

Zuhura, hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Salfa yake ilikuwa nje juu ya bodaboda, mfuko unavuja unga wa njano kwenye tairi. Haikuwa imemwagwa bado kwenye mti hata mmoja. Ilitosha kusema maneno matatu tu, "Ni mimi, kaka."

"Majina yanafanana," nikasema. Kisha nikamwambia mashine imeisha wino. Kumnyima kopi zile ndilo jambo jema pekee nililofanya siku ile, na lenyewe nililifanya kwa uongo. Nikamchemshia chai, akanywa, akavaa viatu vyake, akaondoka na karatasi ile kwenye mfuko wa sukari.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Kule Lionja alikuwa akijivunia mimi. "Dada yangu wa ofisini," ndivyo alivyokuwa akisema. Nisingeweza kumwambia kwamba wale watu thelathini na sita waliomshinda ni mimi na karanga zangu. Nikajituliza kwamba salfa haiui mti, kwamba akiona haisaidii atarudi kwenye akili yake. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Alipuliza mizunguko mitatu. Mbu waliendelea na kazi yao. Alipokuja kurudi kwenye akili yake, maua yalikuwa yamekwisha. Unakumbuka likizo ile tulipokwenda wote Lionja, ukalalamika hakuna mtandao? Ninyi mlikaa jikoni mkichoma mihogo, mimi na mjomba tukaenda shamba. Maua yalikuwa yamekauka juu ya miti, meusi, yamejikunja kama nywele zilizopitiwa na moto, na unga wa njano umeganda kwenye majani ya chini. Hewa yote inanuka kiberiti. Mjomba akalishika tawi, akalipekua, akacheka kidogo, kicheko cha aibu.

"Labda mimi sikupuliza vizuri kama wale wa Narung'ombe," akasema.

Nikaenda nyuma ya mti nikatapika. Nikamwambia ni mihogo.

Mwaka ule hakununua mabati aliyomwahidi mkewe, na masika yote mkewe huyo alilala chini ya turubai. Kila mvua iliponyesha usiku hapa Ruangwa, mimi nilikuwa nasikia paa letu.

Nilikwenda Nachingwea kumtafuta yule mtaalamu wa duka la pembejeo, yaani Ayubu. Nilikuwa nimejiandaa kumsema mbele za watu. Alikuwa nyuma ya kaunta na laptop yake wazi, wakulima watatu wanasubiri na vijitawi vyao mikononi. Aliponiona akatoka nje ya kaunta, akanishika mikono yote miwili.

"Huyu mama ndiye aliyenitoa," akawaambia wale wakulima. "Bila huyu mimi si kitu."

Wakaniamkia kwa heshima. Nikamvuta pembeni, nikamwambia ile ripoti usiionyeshe tena mtu, ile niliizua, kaka yangu amepoteza msimu kwa ajili yake. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Mama, kila mtu alifanya hivyo. Na siku hizi wanafunzi wala hawahitaji kumsumbua mama wa watu, simu inakuandikia bure. Pole kwa kaka. Msimu ujao mlete, nitampunguzia bei."

Kisha akaninunulia soda. Nami nikainywa, Zuhura. Nikaimaliza mpaka chini, nikamrudishia chupa, nikamwambia asante. Mpaka leo nikiona soda ya rangi ile ulimi unakuwa mzito.

Na usidhani niliacha siku hiyo. Kulikuwa na wanafunzi wawili ambao ripoti zao zilikuwa nusu, nikazimalizia. Ndipo nikaifungia laptop kabatini nikakwambia imekufa. Ripoti zote bado zimo. Usiku wa Jumanne baada ya ugomvi wetu nilitaka kuzifuta, nikashindwa, kwa sababu niliona nitakuwa najisafisha uso tu.

Sasa ile bahasha ya hela ya mjomba. Ufuta ulipouzwa mwaka huu, mjomba alimpa baba yako hela akasema, "Mnunulieni mtoto laptop. Asije akawa kama mimi, wa kuonyeshwa laptop za watu." Wewe ulirukaruka uani. Mimi niliichukua bahasha nikaisukumia chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge, na kila nilipofungua sanduku niliisikia kama kitu kinachooza. Tulipokwenda Nachingwea kuangalia ile laptop iliyotumika, ulidhani niliikataa kwa sababu ya makombo na vipande vya kucha vilivyokuwa katikati ya herufi. Yule muuzaji naye alidhani hivyo, akaanza kuifuta kwa shati lake, karaha tupu. Lakini nilichokiona mimi ni pale alipoiwasha: kazi za mwenyewe wa zamani zilikuwa bado ndani, chungu nzima, na muuzaji anasema, "Na hizi utakuta zinamsaidia mtoto chuoni." Nikahisi ile soda inapanda. Nikakushika mkono tukaondoka.

Alhamisi nilikwambia nakwenda kufuata karatasi. Nilikwenda Lionja.

Nilimkuta mjomba wako amekaa chini anakonyoa korosho kutoka kwenye mabibo, mikono imelowa maji ya mabibo hadi kwenye viwiko. Alitaka kuinuka anipe kigoda, nikakataa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitageuza maneno. Nikamwambia yote, Ayubu, karanga, wale thelathini na sita, siku aliyokuja na mfuko wa sukari. Aliendelea kukonyoa. Nilipofika mwisho akaacha.

"Na bibi?" akauliza.

"Bibi nilimwandika mimi."

"Ukaandika anaridhika."

"Ndiyo, kaka."

Akaacha Kiswahili. Unajua akiumia anaacha Kiswahili. Alisema kwa Kimwera cha kina bibi, taratibu, nami nakuwekea hapa kwa Kiswahili ingawa hakifanani: "Niliacha macho yangu mwenyewe nikawaamini watu thelathini na sita. Kumbe wote walikuwa wewe, na ulikuwa umesimama mbele yangu unanichemshia chai."

Nikaiweka bahasha chini, karibu na rundo la mabibo. Nikasema nimeirudisha, siwezi kumnunulia mwanangu laptop kwa hela ya mtu niliyemuunguzia shamba. Akaitazama kama ni nzi.

"Hela hiyo si yako kuirudisha. Ni ya Zuhura. Ichukue. Lakini utamwambia mtoto ulichofanya, wewe mwenyewe, kabla hajanunua chochote. Usipomwambia, nitamwambia mimi. Na leo kwangu hutakunywa chai, Mama Zuhura."

Maisha yangu yote kaka hajawahi kuniita Mama Zuhura. Hivyo ndivyo anavyowaita wake za watu.

Nilirudi nyuma ya bodaboda nikiwa nimeamua nitakachokushauri. Ningekwambia subiri. Nenda muhula wa kwanza na daftari na kalamu, uwaulize watu kwa mdomo wako, laptop itakuja. Niliona ni ushauri safi. Nikaupanga kichwani kutoka Lionja mpaka Ruangwa, na mpaka nafika nilikuwa nimeanza kujisikia mama mwema.

Leo nimekaa kwenye kiti hiki cha wateja, nikakumbuka ni akina nani walikuwa wanakaa hapa. Si wote walikuwa wavivu. Wengi walikuwa hawana laptop tu. Wanakuja na madaftari siku ya mwisho ya kukusanya kazi, umeme unakatika na kurudi, foleni ndefu, msichana analia kwa sababu flashi yake imekula kazi ya wiki tatu. Mimi nikawa naangalia nani amechoka zaidi, nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Niachie hapa mwanangu, nitakumalizia." Hivyo ndivyo nilivyowapata. Nilikuwa nawangoja waishiwe nguvu. Ukienda mikono mitupu, kila mji una mwanamke kama mimi kwenye kiduka kama hiki, na atakuita mwanangu.

Kwa hiyo nunua. Usisubiri mwaka wa pili. Nunua kwa hela ya mjomba, ukitaka mpya ndogo au iliyotumika yenye hali nzuri, baba yako ana mtu anayemwamini huko Dar utakakopitia. Ikiwa ni iliyotumika, hakikisha imefutwa kazi za mwenyewe wa kwanza mbele ya macho yako. Ya dukani sikupi. Laptop yenyewe haina kosa lolote, iliandika ilichoambiwa. Lakini yale yaliyomo ni matamu, nakwambia mimi niliyeyatunga. Siku utakayokuwa umechoka, na kazi ni ya kesho, ungeyafungua. Mimi ningeyafungua.

Najua pia kwamba Ayubu alisema kweli kwenye jambo moja. Hiyo utakayonunua inaweza kukuzulia wakulima arobaini kabla maji ya chai hayajachemka. Sina la kukuzuia huko uendako. Ninalojua ni kwamba unakwenda kusomea kilimo, na siku moja mtu kama mjomba wako atasimama mbele yako na kijitawi mkononi, atakwambia anachodhani, halafu atakungoja wewe useme. Nilimwona mtu wa namna hiyo akikosea kwa sababu aliniamini. Ni kitu kibaya kukiona.

Uliniuliza kama sitaki unipite. Nilichokuwa nakiogopa Jumanne ni kwamba unanifuata. Uliifungua kwa haraka ileile niliyokuwa nayo mimi, na macho yaleyale.

Bahasha iko kwenye begi lako dogo, ndani ya kitenge cha kijani. Barua hii nitaiweka juu yake. Isome leo kabla ya magharibi, nitakuwa kwa shangazi yako, sitakusumbua. Ukitaka kunisema, niseme. Ukitaka kukaa kimya mpaka Dar, nitaelewa. Kama utaona kinyaa juu yangu, usijilazimishe kukimeza kwa sababu mimi ni mama yako. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Mjomba amempigia simu baba yako. Kesho alfajiri atakuwa stendi, anatoka Lionja usiku ili akuwahi. Shikamoo yako ya kwanza mpe yeye, hata kama mimi niko karibu zaidi. Simama naye mpaka basi liwashe moto. Usijaribu kutupatanisha, usituite tukae pamoja kwa ajili ya picha, usimnong'oneze kwamba mama amejuta. Akitaka kunisalimia, ananijua. Asipotaka, nitakuwa upande wa pili wa basi, kule wanakopakia mizigo, na nitakupungia mkono kupitia dirisha la huko.

Mama yako,
Hadija